Ziwa Lililosimuliwa Kwingine: Mwambao wa Kizuka na Rumonge katika Historia ya Maeneo ya Kupigia Filamu

1. Utangulizi

Mwambao wa Burundi katika Ziwa Tanganyika umeipatia sinema ya dunia visa kadhaa, lakini ni nadra wenyewe kuonekana katika visa hivyo. Makala haya yanaifuatilia historia hiyo kwa kuutazama mwambao wa Rumonge, hususan Kizuka, eneo la wavuvi na wakulima wa michikichi lililo katika tarafa ya Rumonge, kusini mwa Bujumbura. Hoja kuu ni kwamba watengenezaji filamu hawakuupita mwambao huu kwa kukosa mandhari wala historia. Waliupita kwa sababu kamera hufuata miundombinu, usalama na kumbukumbu zilizopangwa, na mwambao huu ulipungukiwa na vyote vitatu. Suala hili lina uzito wa pekee kwa sasa, kwa kuwa katika miaka ya karibuni maji ya ziwa yamepanda na kuzifunika nyumba, fukwe na mialo ya Rumonge. Eneo lisiloorodheshwa leo huenda kesho lisiwepo.

2. Visa vitatu vilivyohamishwa

Kisa cha kwanza ni cha Novemba 1871. Baada ya kukutana Ujiji, Livingstone na Stanley walielekea kaskazini kwa mtumbwi wakiambaa na ukingo wa mashariki wa ziwa, ili wajue kama Mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Walibaini kuwa unaingia. Huko Mugere, takriban kilomita 12 kusini mwa Bujumbura, jiwe kubwa bado linabeba majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Mwaka 1939 kampuni ya 20th Century-Fox ilitoa filamu ya Stanley and Livingstone, iliyoongozwa na Henry King. Kikosi cha pili kilitumwa Afrika Mashariki kupiga picha za misafara na nyika, ilhali mwigizaji mkuu, Spencer Tracy, alibaki Marekani. Picha za pande hizo mbili ziliunganishwa baadaye.

Kisa cha pili ni vita vya ziwani vya mwaka 1915 na 1916, wakati mwambao wa Burundi ulipokuwa chini ya Wajerumani. Waingereza walizisafirisha boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kwa reli, barabara na mto. Desemba 1915 waliiteka boti ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Meli kubwa zaidi, Graf von Götzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Vita hivyo vilichochea riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, ambayo John Huston aliigeuza kuwa filamu ya The African Queen mwaka 1951. Filamu hiyo ilipigwa kwenye Mto Ruiki katika Kongo ya Wabelgiji, kwenye Ziwa Albert na maporomoko ya Murchison nchini Uganda, na katika studio za Uingereza. Hivyo Ziwa Albert lilichukua nafasi ya Tanganyika.

Kisa cha tatu ni cha Gustave, mamba mkubwa aliyehofiwa na wavuvi kuanzia mdomo wa Rusizi hadi fukwe za kusini. Mwaka 2007 Hollywood ilimfanya kiini cha filamu ya Primeval, inayosimulia mambo ya Burundi. Nayo ilipigwa Afrika Kusini.

3. Kwa nini kamera ilikwenda kwingine

Sababu za uhamisho huo hazikuwa za aina moja. Mwaka 1951 Butiaba, kwenye Ziwa Albert, ilikuwa bandari ya meli za abiria iliyounganishwa na mtandao wa usafiri wa Uganda na Kenya, na Mto Ruiki ulikuwa jirani na reli ya Stanleyville na Ponthierville. Kikosi cha filamu husafiri na jenereta, mavazi, vyakula na makumi ya watu, na mizigo hiyo ndiyo hupima umbali kabla ya jicho la mwongozaji kupima uzuri. Kuhusu Primeval, Burundi ilikuwa ndiyo kwanza inatoka vitani. Mkataba wa Arusha ulitiwa saini Agosti 2000, lakini mapatano ya kusitisha mapigano na kundi la FNL yalisubiri hadi Septemba 2006. Kwa upande wake, Afrika Kusini ilikuwa na mafundi, vifaa na taratibu za vibali zilizozoeleka.

Rwanda inaonesha kwamba hali hii inaweza kubadilika ndani ya muda mfupi. Hotel Rwanda ya mwaka 2004 ilipigwa kwa sehemu kubwa Afrika Kusini. Shooting Dogs, iliyotolewa mwaka uliofuata, ilipigwa Kigali, katika shule ya ETO palepale ambapo maelfu ya watu waliachwa na askari wa Umoja wa Mataifa mwaka 1994, na baadhi ya walionusurika walishiriki katika kuitengeneza. Mahali halisi palileta ukweli ambao studio haiwezi kuununua. Palileta pia wajibu kwa watu ambao majeraha yao yalikuwa bado mabichi.

4. Kilichopo Kizuka na Rumonge

Utajiri wa mwambao huu ni aina nyingi za mandhari kukaa karibu karibu. Ukanda mwembamba wa tambarare una mashamba ya michikichi na mitambo ya kukamulia mawese. Nyuma yake milima ya Mumirwa inapanda ghafla. Kusini mwa mji wa Rumonge upo msitu wa Kigwena, mabaki ya misitu ya nyanda za chini kando ya ziwa, na juu zaidi hifadhi ya Vyanda yenye sokwe. Mugara kuna chemchemi za maji ya moto. Usiku usio na mbalamwezi, taa za wavuvi wa ndagala na mukeke hutapakaa ziwani kama mji unaoelea.

Kila mandhari ina historia yake. Mwaka 1858 Burton na Speke waliupita mwambao huu kwa mitumbwi wakielekea Uvira. Mwaka 1879 Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe, walifungua Rumonge kituo chao cha kwanza katika nchi ya Warundi, na tarehe 4 Mei 1881 watatu wa kituo hicho wakauawa. Biashara iliyoiunganisha Ujiji na kaskazini mwa ziwa iliacha Uislamu na Kiswahili katika miji ya mwambao, na hadi leo Rumonge ni miongoni mwa ngome za Kiswahili nchini Burundi. Kwa hiyo filamu ya kihistoria inayopigwa hapa inaweza kupata wazungumzaji wa lugha ya njia za misafara bila kuwaagiza kutoka mbali.

5. Mandhari ni ardhi ya watu

Hata hivyo, neno mandhari linaweza kuficha mengi. Rumonge na Nyanza-Lac ndiko uasi wa tarehe 29 Aprili 1972 ulikoanzia, na mauaji yaliyofuata yaliwafukuza maelfu kwa maelfu kuingia Tanzania. Waliporejea, wengi walikuta mashamba yao, yakiwemo ya michikichi, yako mikononi mwa wengine. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine iliundwa mwaka 2006 kushughulikia migogoro ya namna hiyo. Shamba linalopendeza machoni pa mpiga picha linaweza kuwa na kesi mbili na kaburi lisilo na alama. Kibali kinachotolewa na ofisi peke yake, bila familia na wazee wa mtaa kushirikishwa, kinaweza kuamsha ugomvi uliochukua miaka kutulizwa.

Sanaa ya Warundi wenyewe nayo haipaswi kusahauliwa. Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo, filamu ndefu ya kwanza ya Burundi, ilitolewa mwaka 1992, na tamasha la FESTICAB alilolianzisha limekuwepo tangu mwaka 2009. Waongozaji wa nchini ndio wateja wa kwanza wa orodha ya maeneo, kwa kuwa hao hawana bajeti ya kuhamishia ziwa kwingine.

6. Hitimisho na mapendekezo

Zanzibar inatoa mfano ulio karibu. Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, mji ukaingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mwaka 2021 Amil Shivji akatoa Vuta N'Kuvute, filamu iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kupigwa Zanzibar kwenyewe. Hifadhi ilitangulia, kamera ikafuata.

Kwa Rumonge, hatua ya kwanza iwe daftari la maeneo, litakaloanza na Kizuka. Kila eneo liandikiwe historia yake, mmiliki wake, njia ya kulifikia, majira yanayofaa na hatari ya maji. Wavuvi na wakamuaji mawese wahojiwe kwa Kiswahili na Kirundi, na majina yao ya mahali yaandikwe kama wayatamkavyo. Pili, malipo ya kupiga filamu yawe na fungu la wazi la mtaa husika. Tatu, fukwe zilizo hatarini zipigwe picha na kupimwa kwanza, bila kusubiri filamu yoyote.

Ziwa hili limewahi kupanda na kushuka. Mwaka 1878 maji yalivunja kizuizi cha Mto Lukuga na kina kikashuka, na mapema miaka ya 1960 maji yalipanda tena. Wakazi wa mwambao walihama na kurudi, wakabaki na simulizi. Simulizi hizo zikikosa daftari, filamu ijayo kuhusu Tanganyika itapigwa tena kwenye ziwa jingine, na mtoto wa Kizuka ataitazama bila kukutambua kwao.