Mali ya Mtu wa Mbali Huandikwa Jina la Nani?

Benki kubwa za Geneva, London na Dubai zina vitengo maalumu vya kuhudumia matajiri wanaoishi nje ya nchi zao. Mteja hupewa meneja wake, anayejua watoto wanasoma wapi, nyumba ziko nchi gani na nani atarithi nini. Songea, kusini mwa Tanzania, haijawahi kuwa na huduma ya namna hiyo. Hata hivyo, tatizo lililoizaa, la mtu kuchuma huku na kuweka kule, Songea inalifahamu kwa zaidi ya miaka 100, na waliolibeba walikuwa vibarua.

Chanzo chake ni vita na kodi. Wajerumani walipokuwa wakiizima Vita ya Maji Maji, viongozi wa Wangoni, akiwemo Nduna Songea Mbano, walinyongwa mwanzoni mwa 1906. Mashamba na maghala ya chakula yalichomwa, njaa ikaingia. Walionusurika walidaiwa kodi kwa fedha taslimu, katika nchi isiyokuwa na zao la kuuza. Vijana wakafunga safari kwenda pwani na Tanga, kwenye mashamba ya mkonge.

Waingereza walipoingia, safari hizo hazikukoma. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kutafuta wafanyakazi, SILABU, na Songea ikawa miongoni mwa wilaya zilizotoa watu wengi. Mtu aliweka dole gumba kwenye mkataba, akapanda lori, na Tanga ilikuwa mbali hasa: reli ya kati na reli ya Tanga hazikuunganishwa hadi 1963.

Huko alikabidhiwa kipande. Ni kadi yenye miraba 30, na kila siku aliyomaliza kazi aliyopimiwa, mraba mmoja ulitiwa alama. Siku ya kuumwa haikuhesabiwa, wala ya kushindwa kumaliza mistari yake ya mkonge. Malipo yalitoka miraba yote ilipojaa, kwa hiyo mshahara wa mwezi ungeweza kuchukua wiki sita. Karatasi hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu yake pekee ya fedha, na aliyeitia alama alikuwa mwajiri.

Fedha ikishapatikana, iwekwe wapi? Benki ya Akiba ya Posta ilikuwepo tangu 1925, na kitabu chake kiliandikwa jina la mwenye akiba. Lakini asiyejua kusoma angekiaminije kitabu? Mwingine alimpa mwenzake anayerudi nyumbani, amfikishie mama au kaka. Mwingine alinunua nguo, blanketi na sanduku la kuvitia, kwa kuwa vitu hivyo alivishika mwenyewe mpaka mlangoni kwake. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver aliichunguza hali hii kwa Wangoni na Wandendeuli, akachapisha kitabu mwaka 1955. Tusiwacheke wale waliorudi na sanduku la nguo. Mali yao haikupitia mikono ya mtu mwingine.

Kulikuwa na njia nyingine, ya kubaki nyumbani. Mwaka 1936 wakulima wa tumbaku na kahawa walipata chama kikuu chao cha ushirika, NGOMAT, kilichowaunganisha Wangoni na Wamatengo. Mkulima alipeleka mzigo, ukapimwa, jina lake likaandikwa daftarini, malipo yakafuata. Kwa maoni yangu, daftari lile lilikuwa kama benki ya kwanza ya kweli ya watu wa Songea, maana lilikaa karibu nao na wenye kulisimamia walijulikana kwa sura. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na jengo la miaka 40 likaanguka kwa amri moja. Vilirudishwa kwa sheria ya 1982, lakini imani haikurudi kwa sheria.

Wamatengo walijaribu tena. Benki ya Wananchi Mbinga ilianza 2003, katikati ya nchi ya kahawa. Mei 2017 Benki Kuu iliifuta leseni kwa upungufu wa mtaji. Bima ya amana wakati huo iliishia shilingi milioni 1.5 kwa kila mteja; aliyeweka zaidi alibaki kusubiri ufilisi.

Leo mtoto wa Songea aliyeko Uingereza au Marekani hahitaji tena kumpa fedha mwenzake anayerudi. M-Pesa ipo tangu 2008, na benki zetu zina akaunti za Watanzania walio nje. Kutuma kumekuwa rahisi. Kumiliki ndiko kugumu. Watanzania wazima hawaruhusiwi uraia pacha, na Sheria ya Ardhi ya 1999, kama ilivyotungwa, haikumruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kwa hiyo aliyechukua pasipoti ya kigeni akitaka kiwanja Songea, amekuwa akinunua kwa jina la kaka au shangazi.

Serikali imekuja na hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje, na ni hatua ya kuungwa mkono kwa dhati. Lakini viwanja vilivyokwisha kununuliwa kwa majina ya ndugu bado viko kwenye majina hayo. Ndugu huyo akifariki, msimamizi wa mirathi ataanza na hati, na watoto wa marehemu wana haki ya kudai kilichoandikwa jina la mzazi wao. Aliyetuma fedha atabaki na risiti za miamala, na tiketi ya ndege ya kuja kujieleza mahakamani.