Kiboko Kilipigwa Marufuku Kabla Sijazaliwa

Ulichapwa shule? Kama umesomea Kenya, jibu lako nalijua.

Mimi nilichapwa hapa hapa Mwiki, nikiwa darasa la nne, kwa kuchelewa. Mwalimu alitumia kipande cha paipu ya maji. Siku tatu nilikuwa nalalia tumbo. Nilipofika nyumbani mathe aliuliza kitu kimoja tu: "Kwani ulifanya nini?"

Kitu sikujua, na mathe pia hakujua, ni kwamba siku hiyo aliyevunja sheria alikuwa mwalimu.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1972 serikali ilitoa kanuni za nidhamu shuleni na kiboko kikaruhusiwa. Lakini si kiholela. Ilikuwa kwanza kosa lichunguzwe, kuwe na shahidi, wanafunzi wengine wasiwepo, viboko visizidi 6, halafu mwalimu mkuu aandike kwenye rekodi. Soma hayo tena halafu uulize baba yako au guka wako kama aliwahi kuona hiyo rekodi. Watu walichapwa parade, mbele ya shule nzima, na hakuna aliyeandika chochote. Mwaka wa 1999 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti nzima kuhusu viboko katika shule za Kenya. Kulikuwa na watoto waliovunjwa mifupa, na wengine walikufa.

Kumbuka Kenya ilikuwa imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto tangu 1990. Ilichukua miaka 11 hadi zile kanuni za 1972 zikafutwa, mwaka wa 2001. Mwaka huo huo Bunge likapitisha Sheria ya Watoto, ambayo pia iliunda Baraza la Kitaifa la Huduma za Watoto. Mimi sikuwa nimezaliwa.

Halafu sheria zikaendelea kuja. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema kila mtoto alindwe dhidi ya dhuluma na adhabu za kinyama. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaweka bei kabisa: ukimwadhibu mwanafunzi kwa kumpiga, ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au jela miezi 6, au zote mbili. Mwaka wa 2022 tukapata Sheria mpya ya Watoto. Kwa makaratasi, wasee, tuko sawa.

Shida ni nani anafuatilia. Mwaka wa 2016 kamati ya Umoja wa Mataifa huko Geneva ilikuwa bado inaiambia Kenya habari ya viboko. Yaani watu wa Uswisi walikuwa wanajua kiboko ni haramu Kenya, na mathe, anayeishi mwendo wa dakika 10 kutoka shuleni, hakuwa anajua.

Na kufuatilia kunawezekana. Mwaka wa 2010 serikali na washirika wake waliuliza vijana wa miaka 18 hadi 24 kama walipigwa au kuumizwa na mtu yeyote kabla ya kufika miaka 18. Wanawake 66 kati ya 100 walisema ndiyo. Wanaume, 73. Waliporudi kuuliza 2019, wanawake walikuwa karibu 39 na wanaume 52. Imeshuka, na hiyo si kitu kidogo. Tunajua imeshuka kwa sababu kuna mtu alihesabu. Lakini kuhesabu mara mbili kwa miaka tisa, tena baada ya mtoto kuwa mtu mzima, hakumsaidii yule anayechapwa leo asubuhi.

Mimi naona tuanzie chini. Kila darasa libandikwe namba 116 ukutani, ile ya bure ya kuripoti dhuluma dhidi ya watoto. Kila wadi ijulikane afisa wa watoto ni nani na ofisi iko wapi, vile tunajua ya chifu. Na kila mwaka tuambiwe hadharani: kesi ngapi ziliripotiwa Ruiru, ngapi ziliisha, na ziliisha aje.

Juzi mtoto wa jirani kwa ploti yetu alirudi na mkono umefura. Mama yake akaanza: "Kwani ulifanya nini?" Nikamwambia, "Mama, ngoja kwanza." Tukapiga picha mkono. Tukaandika tarehe, darasa, na mtoto alichosema, kwa maneno yake mwenyewe. Halafu nikampa ile namba. Alikaa ameshika simu muda mrefu, akaniuliza kama mtoto atafukuzwa shule akiripoti.

Sheria inamlinda. Lakini nilijua kwa nini anauliza, na sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia tu kwamba akienda, hataenda peke yake.