Mwanya wa Krenki, Mikumi

Kilosa walipata reli tangu enzi za Wajerumani. Sisi Mikumi tulilelewa na malori. Rhodesia ilipojitangazia uhuru Novemba 1965, njia ya kusini ilikatika, mafuta ya Zambia yakaanza kupita hapa kwa barabara ya vumbi. Vumbi likiingia kwenye oili hukwangua beringi, na injini huanza kugonga mlimani.

Injini moja ilipogonga hivyo, mzee aliyenifundisha ufundi alipeleka krenki yake ikachongwa, akavalisha beringi za andasaizi ya milimita 0.25. Kisha alilaza uzi wa Plastigage juu ya shingo ya krenki, akakaza boliti kwa spana ya toki, akafungua, akapima uzi ulivyotandazika ili kujua mwanya wa beringi. Krenki haizungushwi uzi ukiwa ndani! Shingo ya milimita 75 hutaka mwanya wa karibu milimita 0.075. Ukibana, oili haipenyi. Ukilegeza, shinikizo linashuka. Inaniuma kuona vijana wakikisia kwa mkono.