Likizo ya kipupwe: Ukambani si njia tu

Sisi watu wa pwani Makueni twaijua kwa chai ya Mtito Andei, na Kitui hatufiki kabisa. Likizo ya Agosti, nashauri ushuke na watoto. Haya ndiyo ninayoyapendekeza.

Makindu: Hekalu la Wasikhi lilijengwa 1926, kumbukumbu ya wafanyakazi wa reli. Msafiri wa dini yoyote hulishwa bure, chakula kisicho na nyama. Vua viatu, funika kichwa, usiingie na sigara wala pombe. Ukijaliwa, toa sadaka.

Kibwezi: Treni inayosimama vituoni hukushusha hapa. Msituni mna chemchemi za Umani.

Vilima vya Chyulu: Ni vya volkano. Mvua yake hupenya mawe, ikatokea chini Mzima, na bomba likaleta maji hayo Mombasa. Msitu ule ukiishia kwenye makaa, mifereji yetu ndiyo itakayolia. Kwa hivyo kwangu mimi kuuzuru si anasa. Ni kujua tunywacho chatoka wapi.

Kitui: Kutoka Kibwezi pita barabara ya Mutomo. Karibu na mji kuna Jiwe la Nzambani, lenye ngazi hadi juu. Wakamba husimulia kwamba alizungukaye mara saba hugeuka, mume akawa mke, mke akawa mume. Mimi nakwambia panda tu.

Kabla ya kurudi, onja muthokoi, nunua asali. Na sweta usisahau: asubuhi za huko si za Likoni.