Mswaki Ulikuwa Mti

Kabla ya kuwa brashi, mswaki ulikuwa mti. Neno lenyewe lilitoka Kiarabu, na kijiti chake hukatwa kwa Salvadora persica, mti wa nchi kavu; unatafuna ncha mpaka iwe nyuzinyuzi, kisha unasugua. Plastiki ilipokuja ikarithi jina, basi.

Aibu nayo ilikuja na matangazo. Listerine ilibuniwa Marekani mwaka wa 1879 kama dawa ya kuua vijidudu, lakini miaka ya 1920 ndipo watengenezaji walipoanza kuwatisha watu kwamba harufu ya kinywa itawakosesha wachumba. Mauzo yakapaa. Ujanja huo siupendi, ingawa harufu yenyewe si uongo.

Hapa Wang'uru nimeona mama muuza mchele akijiziba mdomo kwa leso kila mteja akisimama. Peremende za stage hufunika kwa muda mfupi tu. Bakteria wa nyuma ya ulimi, huko brashi haifiki, ndio hutoa gesi za salfa, na mdomo mkavu huwasaidia. Sugua ulimi, kunywa maji. Fizi zikitoa damu, muone daktari wa meno: kuna watu wamenyamaza miaka, kumbe ni jino moja limeoza.