Kuosha tela na kulipaka nta: kinachokula bati ni mzigo wa jana

Mzigo ukishashushwa, wengi huhesabu kazi imekwisha. Tela linaegeshwa nyuma ya nyumba likiwa na unga wa mbolea kwenye pembe, maji ya kahawa kwenye mikunjo na matope mekundu chini ya sakafu. Linasubiri safari nyingine. Misimu michache baadaye sakafu inatoboka, na mwenye tela analaumu bati za siku hizi kuwa nyepesi.

Makala haya yanaeleza namna ya kuosha bodi la tela kwa nje na kulipaka nta, au waksi kama inavyoitwa madukani. Yanamhusu mwenye tela la trekta, tela dogo la kuvutwa na pikapu, na hata guta la magurudumu matatu. Matela ya kulala yanayovutwa na wageni wanaokwenda Mbamba Bay huoshwa kwa kanuni hizihizi. Mengi yana bodi la faibaglasi, ambalo halishiki kutu, lakini jua hulifubaza likawa kama limepakwa chaki.

Kwa nini tela linaoza

Kutu huhitaji vitu vitatu: chuma, maji na hewa. Rangi ndiyo inayotenganisha chuma na hivyo viwili vingine. Nta ni tabaka jembamba juu ya rangi, linalofanya maji yateleze badala ya kukaa. Lakini mvua peke yake hula chuma polepole. Kinachoharakisha ni mabaki ya mzigo:

- Mbolea za chumvichumvi kama DAP, CAN na urea. Huvuta unyevu kutoka hewani, hivyo bati hubaki na majimaji hata siku ambayo haikunyesha. Huu ndio mzigo unaoharibu matela mengi ya wakulima wa mahindi.
- Mrututu na dawa nyingine za kopa zinazopuliziwa kahawa. Mrututu ukilowa juu ya chuma kilichochubuka hukila upesi.
- Kahawa mbivu. Maji yake ni ya uchachu, na utomvu wake hunata kwenye mikunjo ya bati.
- Makaa ya mawe. Malori yanayotoka Ngaka na kuingia barabara kuu pale Kitai yameacha vumbi jeusi kwenye vyombo vingi. Vumbi hilo ni gumu na hukwaruza rangi. Makaa ya mawe huwa pia na salfa, ambayo ikikaa na maji na hewa hutengeneza asidi.
- Chumvi. Ziwa Nyasa ni maji baridi, kwa hiyo upepo wake hauna chumvi. Lakini dagaa waliotiwa chumvi wanayo, na gari lililokwenda bandarini Mtwara hurudi na chumvi ya bahari chini ya bodi.

Kwa hiyo usipange siku ya kuosha kwa kuangalia kama tela limechafuka. Angalia limebeba nini. Tela lililobeba mbolea likionekana safi bado linaliwa.

Usioshee mtoni

Kuingiza tela mtoni ni rahisi, maana maji yapo na hayalipiwi. Lakini mabaki yote tuliyoyataja hapo juu yanaingia kwenye maji ambayo watu wa chini wanachota. Mito ya upande wetu, mingine humwaga Ruhuhu na kuishia Ziwa Nyasa, mingine humwaga Ruvuma na kuishia Bahari ya Hindi. Samaki aina ya mbasa hupanda mto Ruhuhu kutoka ziwani kwenda kutaga, na kopa ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuathiri hifadhi ya mazingira ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au mwambao wa ziwa. Meta 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Chota maji, panda nayo juu.

Chagua sehemu yenye majani au kokoto, mbali na kisima, ili maji machafu yazame ardhini taratibu. Kama tela lilibeba mbolea, fagia kwanza unga uliobaki ukatie shambani kabla ya kumwaga tone la maji. Na usiache dimbwi. Ng'ombe au mbuzi akinywa maji yaliyojaa urea anaweza kufa siku hiyohiyo.

Unachohitaji

- Ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa.
- Vitambaa laini vya pamba. Fulana kuukuu zinafaa, ukiondoa vifungo na zipu.
- Brashi ya magurudumu na chini ya tela. Isiguse bodi.
- Sabuni ya maji ya kuoshea magari. Ukikosa, sabuni ya maji ya vyombo, kidogo tu. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali, huondoa nta yote iliyopo na hufubaza rangi.
- Msasa, praima na rangi kidogo kwa ajili ya sehemu zilizochubuka.
- Nta ya kopo.

Hatua za kuosha

1. Osha asubuhi au jioni, au kivulini. Bati likiwa la moto sabuni hukauka kabla hujaisuuza na kuacha madoa.
2. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Kama ni tela la kubinua, usiingie chini yake likiwa limeinuliwa mpaka uwe umelikinga kwa gogo au nguzo imara. Jeki ya mafuta inaweza kushuka ghafla.
3. Funika plagi ya umeme wa taa kwa mfuko wa nailoni.
4. Lowesha matope na uyaache dakika kadhaa yalainike. Usiyakwangue makavu, na usifute vumbi la makaa ya mawe kwa kitambaa kikavu, maana ni sawa na kupiga msasa. Kulilowesha kwanza kunakinga pia mapafu yako.
5. Mwaga maji mengi kuanzia juu kushuka chini, mpaka mchanga uondoke.
6. Osha kwa sabuni, juu kwanza, chini mwisho. Kila baada ya sehemu moja, suuza kitambaa kwenye ndoo ya pili kabla ya kukirudisha kwenye sabuni. Mchanga utabaki kwenye ndoo ya pili, na hautarudi kukwaruza rangi.
7. Ingia chini. Sukutua chasisi, pembe za sakafu, na sehemu bati lilipokunjwa au kupigwa nati. Hapo ndipo tela linapoanzia kuoza, na ndipo wengi hawafiki. Ukitumia mashine ya presha, usiielekeze kwenye beringi za magurudumu, kwa sababu maji huingia na kuharibu grisi.
8. Suuza sabuni yote, kisha kausha kwa kitambaa. Fungua milango ya pembeni na matundu ya chini maji yatoke. Kama sakafu ni ya mbao, acha tela lipate upepo mpaka mbao zikauke kabisa.

Kutu kwanza, nta baadaye

Baada ya kukausha, zunguka tela lote kwa macho na kwa vidole. Rangi iliyovimba kama lengelenge ina kutu chini yake. Ukiipaka nta juu, umeificha tu, na itaendelea kula kwa ndani.

Kwangua mpaka uone chuma kinachong'aa, piga msasa, futa vumbi, paka praima siku hiyohiyo, kisha rangi. Ipe rangi nafasi ya kukauka na kukomaa kama kopo linavyoelekeza ndipo uipake nta. Kazi ya kopo dogo la rangi leo inazuia kazi ya fundi wa kuchomelea kesho.

Polishi si nta

Dukani vitu hivi hukaa rafu moja na wauzaji wengi huvichanganya. Polishi ya kukwangulia ina chembechembe ndogo zinazosugua rangi ili ing'ae. Kila ukiitumia, rangi inapungua kidogo. Nta haisugui, inafunika na kukinga. Tela ambalo rangi yake imefubaa unaweza kulipiga polishi mara moja moja, lakini bila nta juu yake mng'ao hautadumu na kinga haipo.

Nta bora za magari nyingi zina karnauba, nta inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mitende unaoota Brazili. Huyeyuka kwenye joto la nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi, ndiyo maana hustahimili bati lililopigwa na jua.

Je, nta ya nyuki, ambayo kwetu inapatikana vijijini, haifai? Inafukuza maji vizuri, lakini huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 na hulainika kabla ya hapo. Kwenye bati lililoanikwa juani itanata na kushika vumbi. Iache kwa mbao za ndani na vitu vya ngozi.

Namna ya kupaka

1. Hakikisha bodi ni safi, kavu na la baridi.
2. Chukua nta kidogo kwa kitambaa laini. Paka eneo moja dogo, kama upana wa mlango, tabaka jembamba. Nta nyingi haiongezi kinga, inaongeza kazi ya kufuta.
3. Subiri igeuke kuwa kama ukungu mweupe. Igusе kwa kidole: ikitoka kavu, iko tayari.
4. Futa kwa kitambaa kingine safi, ukikigeuza mara kwa mara.
5. Rudia kwenye kingo, kuzunguka nati na sehemu za chini, kwa sababu huko maji hukaa zaidi.

Usipake nta kwenye matairi, breki, mpira, wala plastiki isiyo na rangi, ambayo hubaki na madoa meupe. Kujua kama kinga bado ipo, mwagia maji: yakikusanyika matone na kuteleza kama kwenye jani la gimbi, nta ipo. Yakitanda na kukaa, nta imekwisha.

Kuhusu oili chafu

Wapo wanaopaka chini ya tela oili iliyotolewa kwenye injini. Ni kweli mafuta huzuia maji, lakini oili hiyo hulainisha na kuharibu mipira, ikifika kwenye breki huziharibu, na hudondoka njiani mpaka kwenye maji ya kunywa. Pia ina vitu vyenye madhara kwa ngozi ya anayeipaka. Kwa chini, rangi ya chasisi na grisi kwenye sehemu zinazosugana vinatosha.

Kabla hujarudi barabarani

Futa taa, reflekta na namba ya tela kwa kitambaa safi. Barabara ya Songea hadi Mbinga ina kona na miteremko, na usiku tela ambalo reflekta zake zimefunikwa na matope halionekani mpaka dereva wa nyuma amelifikia. Ondoa mfuko kwenye plagi, washa taa zote, mtu mwingine akiangalia nyuma. Kama tela lina breki, endesha polepole na ukanyage mara kadhaa, kwa sababu breki zilizolowa hushika kwa kuchelewa.

Mara ngapi

Osha kwa maji mengi siku hiyohiyo tela lilipobeba mbolea, mrututu, makaa ya mawe au kitu chenye chumvi. Mizigo mingine inaweza kusubiri mwisho wa wiki. Nta, kwa tela linalofanya kazi, paka angalau mara mbili kwa mwaka: Oktoba kabla mvua hazijaanza, na Mei zinapokwisha, kabla ya kazi ya kusomba mahindi na kahawa kupamba moto.

Na ukienda kununua tela lililotumika, usidanganywe na mng'ao wa pembeni. Lala chini ulitazame kwa tochi. Pembe za sakafu zitakwambia mwenyewe alikuwa analiosha au alikuwa analipaka rangi tu.