Elimu ya Bwana Nyama

Huenda wewe msomaji umepata kumsikia mwenzako akisema kwamba akimaliza masomo ya sekondari atakwenda chuo kikuu kusoma utalii na uongozi wa mbuga za wanyama. Na huenda umemsikia mwingine akimcheka. Simba, husema yule mcheshi, yuko porini tangu zamani za mababu, na hajapata kuhitaji mtu mwenye shahada ili aishi. Dhihaka hiyo si ngeni. Wakuu wa kwanza wa mbuga zetu wengi wangaliikubali, kwa maana wao wenyewe hawakuwa wamesomea kazi ile. Mambo yaliyotukia baadaye ndiyo yaliyowalazimisha watu kufungua vitabu, nami nataka kukueleza jinsi yalivyotukia.

Mbuga ya taifa ya kwanza duniani ilitengwa Marekani katika mwaka 1872, mahali paitwapo Yellowstone. Waliotumwa kuilinda hawakuwa wataalamu bali wanajeshi. Tangu mwaka 1886 hata mwaka 1918 mbuga ile ilikuwa chini ya askari wa farasi, na idara ya serikali ya kusimamia mbuga haikuundwa mpaka mwaka 1916. Kwa hiyo hata huko kulikoanzia shauri hili, bunduki ilitangulia, na elimu ikafuata nyuma ikitweta.

Kwetu Afrika ya Mashariki mambo yalikuwa vivyo hivyo. Katika siku za ukoloni ofisa wa Idara ya Wanyama aliitwa na wananchi Bwana Nyama, na jina lile lilimfaa. Kazi yake ilikuwa kumpiga risasi ndovu aliyeharibu mashamba, kutoza ada za leseni za kuwinda, na kuwakamata waliowinda bila leseni. Hapo ndipo palipokuwa na neno gumu ambalo ni vema ulijue mapema. Mgeni tajiri aliyelipa ada akamwua ndovu kwa ajili ya pembe za kupamba ukuta wa nyumba yake aliitwa mwindaji. Mwenyeji aliyemwua ndovu yule yule kwa upinde wa babu yake aliitwa mwizi. Sheria ilikuwa moja, lakini mlango wake ulikuwa mpana kwa huyu na mwembamba kwa yule.

Mtu aliyeshindania zaidi kuwapo kwa mbuga za taifa Kenya alikuwa Mervyn Cowie, ambaye kwa elimu yake alikuwa mhasibu. Yasimuliwa kwamba kabla ya Vita Vikuu vya Pili aliandika barua katika gazeti la East African Standard, akajificha nyuma ya jina la mlowezi wa zamani, akapendekeza wanyama wote wa porini wauawe kwa bunduki ili nchi ipate nafasi. Walowezi walighadhibika wakajibu kwa wingi, na ghadhabu hiyo ndiyo aliyoitaka. Hila ile ilikuwa ya mwandishi wa magazeti, si ya mtaalamu wa wanyama, lakini ilifaulu. Sheria ya mbuga za taifa ikapitishwa mwaka 1945, na Mbuga ya Nairobi ikafunguliwa Desemba 1946. Wasomali na Wamasai waliokuwa wakichunga mifugo katika nyanda zile hawakuulizwa kwa njia ya gazeti.

Sasa twende Tsavo, maana huko ndiko kulikotoka masomo mazito kuliko yote. Mbuga ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948, nchi kame yenye vichaka na ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 20,000. Ndani yake na kandokando yake waliishi Waata, watu waliowinda ndovu kwa upinde mrefu wenye nguvu nyingi na mishale iliyotiwa sumu. Hapana shaka kwamba palikuwa na biashara. Pembe zilipita mikononi mwa wafanya biashara wakateremshwa pwani, na aliyepata faida kubwa hakuwa yule aliyelala porini. Lakini Waata walimjua ndovu: njia zake, visima vyake, na nyakati zake za kuhama. Katika miaka ya 1956 na 1957 wakuu wa mbuga, David Sheldrick na wenzake, waliongoza msako mkubwa, na wawindaji wengi wakaingia gerezani. Fikiri jambo hili, msomaji. Wale waliomjua ndovu kwa undani walifungwa, na wale waliobaki kumlinda walikuwa ndio kwanza wanaanza kumjua.

Baadaye watu wenye huruma waliona kasoro hiyo. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango kando ya mto Galana, mashariki ya mbuga, ili Waata waruhusiwe kuwinda ndovu wachache kwa halali, chini ya usimamizi, na kuuza nyama na pembe. Nia ilikuwa njema, lakini mpango haukudumu, na ardhi ile hatimaye ikawa ranchi ya ng'ombe.

Wakati huo huo uhuru ulikuwa ukikaribia, na swali likazuka: mabwana nyama wa kigeni wakiondoka, ni nani atakayeshika kazi? Mnamo Septemba 1961 ulikutana mjini Arusha mkutano wa nchi nyingi kuhusu uhifadhi wa mali ya asili, na kwa jina la Tanganyika Julius Nyerere alitoa tamko lililokuja kujulikana kila mahali. Ndani yake mliahidiwa kwamba wanyama watatunzwa kwa ajili ya wajukuu wetu. Lakini tamko lile halikuwa ahadi tupu. Liliongeza sharti, kwamba kazi hii yataka utaalamu, watu waliofunzwa, na fedha, na kwamba mataifa mengine nayo yatoe msaada. Watu hupenda kuikumbuka ahadi. Mimi naona sharti ndilo lililozaa matunda, kwa kuwa baada ya miaka miwili tu palifunguliwa chuo.

Chuo hicho ni Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 katika mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi. Wanafunzi wake walitoka Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi nyingine za Afrika zilizotumia Kiingereza. Usidhani walikaa darasani mchana kutwa wakinakili maneno ya ubaoni. Walijifunza elimu ya wanyama na ya mimea, sheria, shabaha na utunzaji wa magari, kisha wakaenda safari ndefu porini wakiishi katika mahema. Bwana nyama mpya alitakiwa ajue kutengeneza barabara iliyobomolewa na mvua, na usiku wa siku ile ile ajue kuandika taarifa ambayo hakimu hataweza kuitilia shaka.

Mkuu wa kwanza wa chuo alikuwa Hugh Lamprey, mwanasayansi aliyekuwa amechunguza wanyama wa Tarangire. Uchunguzi wake ulijibu swali ambalo wewe pia huenda umejiuliza: yawezekanaje wanyama wa aina nyingi walao majani waishi mahali pamoja bila kumalizana kwa njaa? Jibu lake ni kwamba hawali mahali pamoja kwa kweli. Twiga hula majani ya juu yasiyofikiwa na mwingine. Pundamilia huridhika na nyasi ndefu zilizokomaa. Nyumbu hupenda nyasi fupi. Wengine hukaa vichakani na wengine uwandani, na majira ya mwaka huwabadilishia zamu. Ukilitambua hilo, nyika iliyoonekana kuwa fujo tupu yageuka kuwa nyumba yenye vyumba. Hapo yule mcheshi tuliyeanza naye angeanza kupata jibu.

Lakini jibu kali zaidi lilitoka Tsavo. Baada ya msako ndovu waliongezeka, na wengine wakaingia kutoka nje wakikimbia mashamba yaliyopanuka. Waliangusha miti, wakararua mibuyu, na vichaka vikawa nyasi. Katika mwaka 1967 alikuja mwanasayansi Richard Laws, aliyewahi kuwachunguza ndovu wa Murchison Falls, Uganda. Yeye alishauri kwamba ndovu kadhaa wauawe ili miili yao ichunguzwe, apate kujulikana ukweli wa kuzaa kwao na kufa kwao, na pengine idadi yao ipunguzwe kabla hawajaharibu chakula chao wenyewe. Sheldrick alikataa, akisema mbuga ni mahali pa kuiachia asili iamue. Ugomvi ukawa mkubwa, na mwaka 1968 Laws akaondoka.

Kisha mvua zikakatika. Katika ukame wa miaka ya 1970 na 1971 walikufa ndovu wanaokadiriwa kufikia 6,000 hivi, wengi wao majike na watoto, kwa sababu mama mwenye mtoto hathubutu kwenda mbali na maji, na karibu na maji hapakuwa na jani lililosalia. Je, nani alikuwa na haki? Watu wa Laws walisema wangesikilizwa, mauti yale yangepungua. Watu wa Sheldrick walisema asili ilipunguza yenyewe, na kweli miti ilianza kurudi. Kabla hoja haijamalizika, majangili walifika. Yakadiriwa kwamba Kenya ilikuwa na ndovu zaidi ya 160,000 katika mwaka 1973. Ulipofika mwaka 1989, serikali ilipochoma tani 12 za pembe hadharani mjini Nairobi, walikuwa hawazidi 20,000. Waliokuwa wakibishana ikiwa ndovu ni wengi mno walijikuta wakihesabu mizoga. Kwa maoni yangu hakuna kisa kifaacho kusomwa kuliko hiki na mwanafunzi wa uongozi wa mbuga, kwa sababu hakina jibu la kukariri.

Katika mwaka 1966 Perez Olindo, Mkenya aliyesoma Marekani, alikuwa amekwisha pokea uongozi wa Mbuga za Taifa za Kenya kutoka kwa Cowie. Mhasibu akampisha mtu aliyesomea wanyama. Hatua hiyo ilikuwa kubwa, ila elimu ya wanyama peke yake haikutosha, kama ilivyodhihirika Amboseli. Mbuga ya Amboseli, iliyotangazwa kuwa ya taifa mwaka 1974, haifiki kilomita za mraba 400. David Western, aliyeanza kuichunguza mwaka 1967, alionyesha kwamba mvua zinyeshapo wanyama hutoka wakatawanyika katika malisho ya Wamasai, na kiangazi hurudi kwenye chemchemi. Maana yake ni kwamba mbuga ililishwa na ardhi ya watu ambao mapato ya mbuga hayakuwafikia ipasavyo. Wamasai wengine, kwa uchungu wa kunyimwa maji ya chemchemi zile, waliwachoma vifaru na ndovu kwa mikuki. Tangu hapo mwanafunzi wa mbuga hakuweza tena kusoma nyasi na nyumbu peke yake. Ilimpasa asome pia fedha, sheria ya ardhi, na namna ya kuketi barazani na wazee akasikiliza kabla ya kusema.

Utalii nao ulikuwa ukikua upande wa pili. Chuo cha Utalii cha Kenya kilifunguliwa Nairobi mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi, ili kuwafunza wapishi, wahudumu, wakuu wa hoteli na viongozi wa watalii. Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, mgeni mwenye kamera akawa ndiye tegemeo. Vyuo vikuu vikafuata. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984, hufundisha utalii, na Chuo Kikuu cha Maasai Mara, kilichopata hati yake mwaka 2013, kimesimama Narok penyewe, katika nchi ya wachungaji walio jirani na wanyama. Mweka nako siku hizi hutolewa shahada. Mtoto wa mchungaji aliyeondolewa mbugani aweza leo kurudi humo akiwa mkuu wa mbuga, ikiwa atafaulu mitihani na ikiwa karo itapatikana. Hiyo ikiwa ya pili si neno dogo.

Ukitaka kujua mtihani wa siku hizi ulivyo, panda mahali palipoinuka karibu na Nairobi uitazame mbuga ile ya mwaka 1946. Pande tatu zina ua. Juu yake yapita reli mpya ya kwenda Naivasha, imebebwa na nguzo ndefu, na safari zake zilianza mwaka 2019. Upande wa kusini, ng'ambo ya mto Mbagathi, hauna ua, na huko ndiko nyumbu walikokuwa wakienda masika katika nyanda za Kitengela na Kaputiei. Nyumbu hao wamepungua sana tangu miaka ya 1970, kwa sababu nyanda zimegawanywa viwanja, na viwanja vimewekewa nyaya na kuta. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa kila eka kwa mwaka, ili wasizungushe nyaya wala wasiuze. Baba wengi walizipokea fedha zile wakalipia karo za watoto wao, na wanyama wakapita. Lakini bei ya kiwanja Kitengela imekuwa ikipanda mwaka hata mwaka, na katika mpango ule mfugaji mwenye eka mia alilipwa dola 400 kwa mwaka mzima kwa kutouza, huku dalali akiwa mlangoni na kitabu chake cha stakabadhi. Mwanafunzi wa uongozi wa mbuga huletwa mahali hapo na mwalimu wake, akapewa ramani, karatasi na kalamu, akaambiwa apige hesabu.